Sinendet Iliyonona

Nakuru,
9 Februari 1958

Dada yangu Jerop,

Pokea salamu uzigawe vizuri: kwa mama nyingi, kwa shemeji Micah za kutosha, na zinazobaki mpe ng'ombe. Huku hakuna mvua. Upepo unapuliza vumbi la magadi kutoka ziwani mpaka linaingia kwenye chai, na Obura, mpishi wetu, anasema sasa hakuna haja ya kununua chumvi. Mimi ni mzima, isipokuwa kichwa.

Kichwa kimeharibika tangu barua yako ya Krismasi, uliponiambia kwamba mzee Kemboi amekubali wazee wetu waende kumposa binti yake Chepkorir. Sijawa mtu wa kutegemewa tena. Jumatatu nilimwagilia maji nguo za memsahib zilizokuwa zimeanikwa. Jumatano nilipanda vitunguu vichwa chini, safu nzima, nikagundua Ijumaa. Jana nilikuwa nikifagia njia ya mbele nikajikuta nimefagia hadi barabarani, na nilikuwa naimba. Obura alitoa kichwa dirishani akasema, "Kiprugut, wewe sasa iko kama kuku imekunywa busaa. Oa haraka, ama memsahib ataandika mtu ingine."

Dada, niambie mzee alisema nini, neno kwa neno. Ametaka nini? Na Chepkorir alikuwa wapi wakati wanaongea? Alikuwa amevaa nini? Usiruke kitu.

Halafu kuna jambo dogo, wala si muhimu. Yale mashada ya majani ya sinendet ya kuvika maharusi niliyoleta harusi ya kaka yetu Kosgei, Desemba ya hamsini na nne, mliyapeleka wapi baada ya harusi? Mliyachoma? Nauliza tu.

Ni mimi ndugu yako mwenye furaha,
Kiprugut


Eldama Ravine,
6 Machi 1958

Ndugu yangu Kiprugut,

Ng'ombe wameshukuru kwa salamu. Mama hajambo, goti linamsumbua asubuhi tu. Ndama aliyezaliwa ni jike na mama amempa jina la memsahib wako, kwa sababu anapiga kelele bila sababu. Micah alianguka tena na baiskeli, mara hii mbele ya wanafunzi wake wote, akainuka akawaambia hilo lilikuwa somo la hesabu. Wewe uache kuimba barabarani. Jina la ukoo wetu linajulikana hadi Rongai.

Sasa habari zako. Chepkorir alikuwa amevaa gauni la kijani, alikuwa nje akijifanya anachambua maharagwe, na maharagwe yale yalichambuliwa mara tatu. Mzee Kemboi hakutaka makubwa. Alisema kanisani mtaenda, hilo halina neno, lakini nyumbani kwake bibi na bwana harusi watavikwa sinendet shingoni kama wazee wake walivyovikwa, na sinendet hiyo itakatwa katika kipande chake cha msitu, pale alipotundika mizinga yake ya nyuki. Bila sinendet ya msitu wake, hakuna harusi. Wazee wetu wakasema hilo ni jepesi.

Si jepesi, ndugu yangu. Kuna mmea umeingia msituni. Unatambaa, unapanda miti, na ulipopita huoni tena kitu kingine. Umeifunika sinendet mpaka mzee haioni. Ubaya zaidi, una maua meupe yanayokamata nyuki. Nyuki anaingiza ulimi, ua linaubana, na hapo anabaki mpaka anakufa. Mzee aliniita nikaone. Alikuwa na nyuki saba wafu katika kiganja chake. Halafu akaapa mbele ya watu, "Huyo mtu alileta hii kitu hatakunywa maji kwangu. Yeye, mtoto yake, ng'ombe yake. Na asiniombe chochote." Unajua mzee Kemboi. Mwaka wa njaa aliapa hatakula mahindi ya serikali, na hakula.

Wewe unafanya kazi ya maua. Nakutumia jani. Tuambie ni mmea gani, na unatolewaje.

Nimekutumia pia zawadi kwa lori la mahindi. Itafika Rongai, watu wa stoo watakuletea Nakuru. Ni ya nyumba yako mpya.

Dada yako,
Jerop


Nakuru,
27 Machi 1958

Dada yangu mpendwa Jerop,

Asante kwa gauni la kijani. Nimesoma sehemu hiyo mpaka karatasi imekunjika. Mwambie mama goti alikande kwa maji ya moto na chumvi. Mvua imeanza huku, na memsahib anatembea bustanini na mwavuli akihesabu konokono.

Jani ulilotuma lilifika likiwa unga. Obura alidhani ni tumbaku kutoka nyumbani, alikuwa amekwisha kata gazeti la kusokotea nilipomwahi mkono. Kwa hiyo siwezi kujua ni mmea gani. Siujui. Sijapata kuuona maishani.

Ila kwa faida ya mzee, mwambie afanye hivi. Ageuze jani atazame chini. Sinendet ni kijani juu na chini, na jani lake ni jembamba. Huo mwingine una jani pana karibu na kikonyo, na chini yake ni jeupe kana kwamba limepakwa unga. Maziwa asiyaamini, maana yote miwili hutoa maziwa ukiikata. Atazame matunda. Sinendet huzaa vipembe viwili vyembamba. Huo mwingine huzaa kibuyu kimoja kinene cha kijani, kama peasi, na kikikauka kinapasuka na ndani kumejaa sufi laini na mbegu nyeusi, upepo ukipuliza zinakwenda zisikoambiwa. Kwa hiyo vibuyu vichumwe vikiwa bado kijani. Na mzizi ung'olewe wote, ukiukata juu unakucheka.

Lakini haya nimeyasikia tu kwa watu.

Zawadi haijafika. Ni nini?

Ndugu yako,
Kiprugut


Eldama Ravine,
20 Aprili 1958

Kiprugut,

Mama hajambo, Micah hajambo, ndama hajambo. Sasa kaa chini.

Kwa mtu asiyeujua mmea huo, unaujua kuliko mama aliyeuzaa. Mimi sikukuandikia habari ya vibuyu. Sikukuandikia habari ya sufi. Sikukuandikia kwamba chini ya jani ni kweupe, na jani lenyewe unasema lilifika likiwa tumbaku ya Obura. Nilimsomea Micah barua yako, akavua miwani akaifuta, akasema, "Huyu shemeji yangu ni shahidi ambaye hajaitwa."

Kwa hiyo nimeanza kukumbuka. Siku ya harusi ya Kosgei ulifika jioni, umelowa, na mashada begani. Bibi yetu, Mungu amlaze pema, alishika moja akalinusa akasema, "Sinendet ya mwaka huu imenona." Tukacheka, tukasema ni macho yake. Nami nakumbuka majani yale. Kingo zake zilikuwa zimenyooka kama nywele za mtu aliyetoka kwa kinyozi. Hakuna jani la msituni lililonyooka vile.

Uliikata wapi ile sinendet, Kiprugut? Ulituapia kwamba umeikata katika msitu, juu ya barabara ya kutoka Rongai. Bibi aliubariki mkono wako kwa ajili hiyo.

Jibu upesi. Mzee ameanza kuuliza nyumba kwa nyumba.

Jerop


Eldama Ravine,
1 Juni 1958

Ndugu yangu,

Wiki sita. Posta ya Ravine wamechoka kuniona. Chepkorir alikuja jana kama mtu anayepita tu, akachukua jembe langu akapalilia mistari minne ya viazi bila kuombwa, kisha akasema bila kunitazama, "Mwambie Kiprugut, kama amekufa, aseme."

Sina zaidi ya hayo.

Jerop


Nakuru,
17 Juni 1958

Dada yangu Jerop,

Sijafa. Mwambie Chepkorir sijafa, na kwamba akipalilia viazi vya watu wengine wivu unanishika.

Salamu kwa mama. Ninajua unasoma hii umesimama, kwa hiyo nitasema upesi. Sikuikata msituni. Nilikusudia, Mungu ni shahidi. Lakini lile lori nililopanda kutoka Rongai dereva alikuwa anashindana na mvua, nilipiga bati kwa ngumi mara tatu pale msituni na hakusimama. Na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa jambo kama hilo, hapo ndipo kosa langu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimekata ua la kutambaa kwenye fensi ya memsahib, nikalitia kwenye gunia, nikajiambia, hii ni akiba tu. Linatambaa kama sinendet, lina maziwa kama sinendet. Majani yake tu ndiyo mapana. Nilikuwa na mkasi wa memsahib mfukoni. Basi, dada, kuanzia Rongai mpaka Ravine nilikaa juu ya magunia ya mahindi, mvua ikininyeshea, nikiyakata majani kingo, moja moja, yawe membamba. Mia tatu na kitu. Vidole vilijaa malengelenge. Mngeniambia nikate msitu mzima ingekuwa kazi nyepesi zaidi.

Mbegu ya ua lile niliipanda mimi kwa mkono wangu. Memsahib alitumiwa na dada yake aliye Afrika Kusini.

Huo ndio ukweli wangu, na umeniuma kuuandika. Sasa mimi pia nina swali.

Zawadi yako ilifika wiki jana. Ilikaa Rongai stoo miezi mitatu, na panya walikuwa wameionja. Mto wa kulalia, kitambaa kizuri, umedarizi jina langu na la Chepkorir. Niliupokea langoni nikawa naubeba kichwani kuvuka nyasi, kwa madaha, nikitaka Obura aone. Memsahib alikuwa na wageni watatu wa chai chini ya miti. Upepo ukatoka upande wa Menengai. Na lile tundu la panya likafunguka.

Dada, ilikuwa kama wingu limetapika. Sufi iliingia kwenye jagi la maziwa. Iliingia kwenye kofia. Mama mmoja mnene alipiga chafya mara nane mfululizo na kila chafya ilipandisha nyingine hewani. Mimi nikawa narukaruka kuzikamata, na kadiri ninavyoruka mto unazidi kutema. Obura alilala chini jikoni, na sikujua kama anacheka au anakufa. Memsahib hakucheka. Alikamata moja, akaitazama ile mbegu nyeusi kupitia miwani, akaitazama fensi, akanitazama mimi. "Hii mbegu yangu," alisema. "Nani natengeneza mto na mbegu yangu?"

Kumbe dada yake amemwandikia, miaka mitano baadaye, kwamba kule kwao mmea huo umemeza mashamba ya matunda, na asiupande kamwe. Barua za madada huchelewa. Tangu siku hiyo tunang'oa. Umevuka kwa jirani, umeshika mteremko wa Menengai, na kila jioni memsahib mwenyewe yuko mwituni kwa magoti yake na jembe dogo, akigeuza majani kutazama chini. Ninamhurumia.

Uliniandikia, "Sikukuandikia habari ya sufi." Kwa hiyo ulikuwa unaijua sufi. Umeshona mito mingapi, Jerop?

Ndugu yako,
Kiprugut


Eldama Ravine,
6 Julai 1958

Ndugu yangu Kiprugut,

Mama hajambo. Viazi vimestawi, hasa ile mistari minne.

Kumi na mmoja, ukiutoa wako.

Usinicheke. Vile vibuyu vilikuwa ndani ya mashada. Niliviona vizuri nikaviweka juu ya meko, vikakauka, vikapasuka, na sufi ilikuwa laini kuliko kitu chochote nilichowahi kushika. Mbegu nilizimwaga nyuma ya nyumba kama mtu anavyomwaga makapi. Mwaka uliofuata fensi yangu ilikuwa imejaa vibuyu, nami nikasema Mungu amenikumbuka. Nilishona mito, nikawapa wanawake wa kanisani. Mbegu nyingine zilibaki humohumo ndani, nani ana saa ya kuzitoa zote. Mwaka huu mzee alipoanza kulia na nyuki wake, niliujua mmea siku ileile. Niling'oa wa fensi yangu kabla jua halijachomoza, nikakuandikia wewe kana kwamba sijui kitu. Sisi wawili tumetoka tumbo moja kweli.

Nimejaribu kuirudisha mito. Niliwaambia wanawake imeingia siafu. Cheptanui, jirani yangu, akajibu, "Kama ni siafu, basi siafu yako inajua kubembeleza mtu." Hakuna aliyekubali kwa maneno. Ikabidi nitoe kuku mmoja kwa kila mto. Sasa nina mito kumi chini ya kitanda na jogoo mmoja uani, na huyo jogoo hataki hata kunitazama.

Wa kumi na mmoja anao mzee Kemboi.

Nilimpa mwaka juzi, nilipoona macho yako yalivyokuwa yakimfuata Chepkorir kanisani. Nilitaka akikumbuka nyumba yetu akumbuke kitu laini. Nilipoenda kumwomba aniachie, alisema tangu aanze kuulalia shingo yake imepona, na kwamba atazikwa nao. Kisha akanionyesha anavyoutunza. Kila asubuhi anautundika kwenye fensi upande wa msitu na kuupiga kwa fimbo. Mshono umelegea, Kiprugut. Kila fimbo ilitoa sufi kumi, zikapaa, zikaingia msituni juu ya mizinga, na yeye anazitazama kwa upendo. "Mto mzuri unapumua," aliniambia.

Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kizingiti, sikujua nilie au nicheke. Wewe uliuleta, mimi nikausambaza, na yeye anaupanda kila siku kabla ya uji. Nilimweleza Micah yote. Alicheka mpaka kiti kikavunjika, halafu, akiwa bado sakafuni, akasema, "Mficha maradhi kifo kitamuumbua."

Tukinyamaza, labda utaoa. Lakini sinendet itakwisha, na hutaoa pia. Tukisema, kuna kile kiapo. Sijui, ndugu yangu. Mara hii sijui. Ni wewe unayeoa, amua.

Jerop


Nakuru,
10 Agosti 1958

Dada yangu Jerop,

Salamu kwa wote, na rambirambi kwa jogoo.

Nimefikiri mwezi mzima. Nimefikiri nikichimba, na nimechimba mpaka memsahib ameniambia nipumzike. Kila ninapong'oa mzizi mmoja naona sura ya Chepkorir, na ya mzee nyuma yake na nyuki saba mkononi. Nampenda Chepkorir, dada. Naandika wazi kwa sababu Obura hajui kusoma. Nampenda hata siwezi kuingia nyumbani kwa baba yake kama mkwe nikijua kitu asichokijua mzee.

Kwa hiyo nakuja. Jumamosi ya tarehe 23, kwa lori la asubuhi. Nitamwambia mzee mwenyewe kwamba ni mimi, na nitamwonyesha jinsi ya kuutambua na kuung'oa. Habari ya mito sitaitaja. Hilo ni langu na lako, nalo litakufa nami. Akinifukuza, nitakuwa nimefukuzwa kwa jina langu halali. Jumatatu lazima niwe kazini.

Nitapita karibu na viazi vyako. Kama kuna mtu atakuwa anapalilia, usimfukuze.

Ndugu yako,
Kiprugut


Eldama Ravine,
14 Septemba 1958

Ndugu yangu Kiprugut,

Pokea chamgei yetu ya nyumbani. Mama anakusalimu na anasema ulikonda. Ndama amejifunza kufungua lango kwa pua. Obura mpe salamu zangu, ingawa hatujaonana nadhani tungeelewana.

Najua unahesabu siku. Ulisema maneno yako mbele ya mzee ukiwa umesimama wima, nami nilikuwa nyuma ya ghala nikisikia, na nilijivunia wewe. Halafu mzee akaingia ndani, akafunga mlango. Hukupewa hata maji. Ulipanda lori Jumapili na kiu yako, na Chepkorir alisimama njiani mpaka vumbi likatua. Nilimwona. Usiku ule uliniambia kwa fahari kwamba habari ya mito hukuitoa. Nilikushukuru, na sikulala.

Jumatatu nilienda mwenyewe. Nilimkuta mzee fensini na fimbo yake, akipiga mto. Nikamwambia, "Baba, acha kupiga." Nikamweleza kila kitu: vibuyu juu ya meko, mito kumi na mmoja, kuku kumi. Alikaa chini kwenye nyasi. Akauweka mto magotini, akaingiza kidole kwenye mshono, akatoa mbegu moja na sufi yake. Akaitazama. Kisha akauinua uso akautazama msitu wake, kuanzia chini mpaka juu, mahali pote palipofunikwa.

"Kwa hivyo ni mimi napanda," alisema.

Nikasema, "Sote watatu, baba."

Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Niliapa, huyo mtu alileta hii kitu hatakunywa maji kwangu. Sasa mimi nitakunywa maji wapi?"

Kiprugut, nilijiuma ulimi. Lakini yeye hakufanya mzaha. Siku tatu nzima mzee Kemboi alikuwa akitoka kwake na kibuyu chake, akipita njia nzima mbele ya watu, kuja kunywa maji kwangu. Na mimi nilikuwa nayanywa kwa Cheptanui, kwa sababu sikutaka kumwona mzee akiwa peke yake katika kiapo. Siku ya nne wazee walikuja kumwomba akitengue. Alikataa. Alisema kiapo hakitenguliwi na maneno, kitatenguliwa na majembe, na kwamba siku msitu utakuwa safi atakunywa maji nyumbani kwake, na wewe utakunywa naye, kibuyu kimoja.

Basi kijiji kizima kimeshuka msituni. Wanawake wa mito ndio wako mbele, maana wanaona haya. Micah amefunga shule siku ya Ijumaa na kuleta wanafunzi, kila mmoja anageuza jani kabla hajang'oa, vile ulivyofundisha: chini kweupe, toka, chini kijani, samahani, kaa. Tunachuma vibuyu vikiwa vibichi na kuvichoma kwenye shimo. Mito yote kumi iliingia shimoni humo, na wa mzee juu yake, ameufunga kamba mara tatu ili usipumue. Alivua kofia. Nadhani shingo imeanza kumuuma tena. Jana mzee amekunywa maji kwake, na kibuyu hicho kinakungoja wewe, ingawa Cheptanui anasema bado kuna miche midogo na tutaing'oa mvua tatu zijazo. Hilo tunalijua.

Sasa sikiliza la mwisho. Chini ya yote hayo, nyuma ya mzinga wa tano, tuliipata sinendet. Imepauka, ina majani kumi na manne tu, lakini ni hai. Nyingine zimekufa zote, au zimelala ardhini na hatujui. Mzee aliipima kwa mkono wake bila kuikata. Inatosha shada moja. Haitoshi mashada mawili, hata ukiivuta. Watu wakaanza kubishana, wengine wanasema avae bibi harusi, wengine avae bwana harusi, mmoja akasema harusi ingoje mwaka. Chepkorir alikuwa hapo, na matope mpaka magotini, ameshika jembe kwa nguvu sana.

Nikamwuliza mzee, "Baba, itakuwaje? Ni ya mtu mmoja tu, na wewe ulisema wavae wote wawili."

Aliikunja ile ncha taratibu, akairudisha juu ya mti wake ili isikanyagwe, akajipangusa mikono.

"Wote watavaa," alisema. "Wasimame karibu."

Dada yako,
Jerop